Mishikio ya Suruali ya Asaheli

Asaheli Pruitt, huyu muuza maziwa wetu, ujanani ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote katika timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, ule unaobebwa mikononi. Kwa hiyo wenzake walikuwa wakimrusha juu ya ukuta wa wachezaji wapinzani, mpira kwapani, wakimnyanyua kwa mishikio ya ngozi niliyomshonea mimi kiunoni mwa suruali.

Mechi ya mwisho ilikuwa Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Novemba, na ukungu ulikuwa umefunika uwanja.

“Bi Tolliver, uzi huu utahimili?” aliniuliza. “Ukikatika leo, tumefungwa tena.”

“Wewe tunza shingo yako. Uzi niachie mimi.”

Tulikuwa sare walipomrusha. Alipaa akazama ndani ya ukungu, nami nasema hakushuka upesi kama washukavyo watu. Ukungu ulipopasuka, alikuwa amelala juu ya mpira, nyuma ya mstari wao, palipo na pointi. Tukashinda.

Sasa ana mvi. Jana aliniletea maziwa, akasimama mlangoni akiutazama ukungu wa mtoni.

“Hujatua tu, Asaheli?”

“Bado, Bi Tolliver. Uzi wako ungali umenishika.”

“Utakushika sana. Niliupitisha mara mbili.”