Ukurasa wa Mayo

Juzi hapa Milanzi mtu alikuwa anabandika tangazo la mechi kwenye ukuta wa duka. Gundi yake ilikuwa ya unga wa ngano, ile inayopikwa kwenye kopo mpaka inashika chini. Harufu ya uji ulioungua ilinikuta nimebeba mboga, nikasimama palepale, na hasira ya miaka mingi ikanirudia. Nawaambia ukweli: hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, na haijapungua hata kidogo.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alitaka kila mtoto aandike ukurasa mmoja kuhusu neno moja la nyumbani kwao, na kurasa zote zibandikwe ukutani siku ya wazazi. Nikachagua "mayo". Mama yangu ni Mmambwe, mzaliwa wa upande wa Matai, na hivyo ndivyo tulivyomwita, kama yeye alivyomwita bibi. Nilipomwambia neno lake litakaa ukutani alicheka, akafunika mdomo kwa pindo la kitenge, kisha akauliza mara mbili siku ya wazazi ni lini. Shuleni alikuwa ameshaitwa mara nyingi, zote kwa utundu wa kaka yangu.

Ukurasa wa kwanza niliumaliza siku hiyohiyo. Laiti ningeishia hapo. Mama Kulwa, jirani yetu Msukuma aliyefuga ng'ombe Kasense na kutuletea maziwa kila asubuhi, aliniambia kwao mama ni "mayu". Nikachana, nikaandika upya. Mwanamke mmoja aliyeleta vitenge kutoka Mbala, ng'ambo ya mpaka, akasema Wabemba nao husema "mayo", na humwita hivyo kwa heshima hata mwanamke ambaye hakuwazaa. Nikachana tena. Sasa nikataka kujua nani alimpa nani. Nikamrudia Mama Kulwa kumuuliza neno lilitoka wapi.

"Lilitoka mdomoni," alisema huku akimimina maziwa. "We mtoto, mama yako anakuita ukaoshe vyombo, wewe unamtafutia asili."

Sikukoma. Parokiani kulikuwa na sista mgeni, Mhispania, akaniambia kwao "mayo" ni mwezi wa tano. Moyo ulinidunda, maana mwezi wa tano ndio tunaosali rozari kwa Mama Maria. Nilikimbia nyumbani nikaandika kwamba neno hili ni mama duniani kote. Jumapili iliyofuata sista akanisahihisha kwa upole: jina la mwezi ni la zamani kuliko ibada hiyo, maneno yamefanana tu. Nikachana. Nikashuku kwamba mayowe ni watu wanaomwita mama wakiwa hatarini. Wazo hilo nililipenda mno, lakini sikuwa na ushahidi, nikalichana nalo.

Mama alikuwa ananitazama. "Umemaliza?"

"Bado, mayo."

"Peleka hivyohivyo. Uji haumngoji mtu anayechagua kijiko."

Siku ya wazazi ilikuwa na upepo na baridi yetu ile ya Ufipa. Mama alipika gundi mwenyewe alfajiri, akalifunga kopo kwa kitambaa, akaja nayo shuleni amevaa kitenge cha kanisani. Alipita ukutani taratibu, kidole kikifuata kila jina, kwa sababu kusoma kulimchukua muda. Alifika mwisho, akaanza tena mwanzo.

"Wa kwako uko wapi?"

Nikamwonyesha daftari. Zilibaki pini mbili na majalada. Kulwa, aliyekuwa darasani kwangu, akacheka: "Huyu alikuwa anaandika Biblia." Mama aligeukia ukuta.

Upepo ulikuwa umeubandua ukurasa mmoja upande. Ulikuwa wa Kulwa, mistari mitatu iliyopinda: "Mayu ni mama. Mayu anakamua ng'ombe. Mimi nampenda mayu." Mama aliusoma mpaka mwisho, midomo ikitembea. Kisha akafungua kopo, akachovya vidole, akaupaka gundi yangu, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika.

"Huyu kamaliza," alisema.

Nilimkasirikia Kulwa muhula mzima. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mama hakuja kujua neno lilitoka wapi. Alikuja kuona mwanawe amemwita mbele ya watu, na aliyemwita akawa mtoto wa jirani.

Asili ya neno hilo sijaipata. Nimejisomea, nimejaza madaftari, na kila nikikaribia kuandika naona pengo jingine. Wakati huohuo macho ya mama yameanza kuingia ukungu. Siku hizi anasoma herufi kubwa tu, tena juani.

Kwa hiyo ukurasa huu nimemwandikia kwa herufi kubwa. Nimeshaona makosa mawili. Nampelekea leo, kabla sijayasahihisha.