Dole gumba la babu lililokataliwa ofisini: jinsi mama alivyopata cheti cha kuombea unesi, Unguja miaka ya hamsini

Wakuu, asalaam aleikum. Waliokaa wakae vizuri, waliosimama watafute kigoda.

Naanza kwa kukiri. Kwa miaka zaidi ya thelathini nimekuwa nikiwaambia watu kwamba babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa forodha mjini Unguja. Nimeyasema harusini, nimeyasema kazini, na mara moja nimemwambia mchumba ambaye hata hakuuliza.

Si kweli. Babu yangu alikuwa mchoma chokaa wa Makunduchi. Hakujua kusoma wala kuandika. Huyo karani alikuwa kaka wa bibi, yaani mjomba wa mama.

Tena ubaya wenyewe ni huu: nilipokuwa chuo kikuu niliandika insha ndefu kuhusu utambulisho wa mtu wa pwani. Nikasifiwa. Humo ndani babu yangu kavaa kanzu iliyopigwa pasi na ana kalamu ya wino mfukoni.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa juzi wa yule kijana anayeomba kazi ya uuguzi, vyeti vyake vina majina yasiyolingana. Wengi mkamwambia achague jina lolote mambo yaishe.

Nikamkumbuka mama.

Mama yu hai, alhamdulillahi. Muda huu kakaa nyuma yangu anachagua mchele, na kila nikimsomea mstari ananisahihisha. Kwa hiyo leo kudanganya siwezi hata nikitaka.

Twende sasa.

Mama anaitwa Miza. Baba yake Makame, babu yake Pandu. Alipokuwa na miaka saba aliletwa mjini, nyumbani kwa mjomba wake Abdalla, ili asome. Siku ya kuandikishwa shule mwalimu akauliza, "Mtoto wa nani huyu?"

Mjomba akajibu, "Wangu."

Hakuwa akisema uongo. Kwetu mtoto wa dada ni wako, ukisema "wa dada" watu watakuona una choyo. Lakini mwalimu aliandika alichosikia: Miza Abdalla. Na jina hilo likapanda naye darasa hadi darasa, mpaka likafika kwenye cheti cha kumalizia shule.

Kwa miaka kumi halikumdhuru mtu.

Kisha hospitali ikatangaza kuchukua wasichana wa kufunzwa unesi. Mama alikuwa akiutaka unesi tangu alipomwona mdogo wake anatibiwa homa na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe. Akajaza fomu. Fomu ikarudi na karatasi imebanwa juu yake: lete cheti cha kuzaliwa, na jina la baba liwe moja kote. Mwisho Jumamosi, saa sita mchana. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Cheti cha kuzaliwa hana. Aliyezaliwa shamba zama zile nani alikuwa nacho?

(Tarehe ya kuzaliwa ilipatikana kwa bibi. Alijifungua siku ya tatu baada ya kibanda cha Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya, kutiwa moto, na kila Mwaka ulipoingia alikuwa akitia kokwa moja ya tende ndani ya kibuyu. Wakazihesabu kokwa. Mimi nina simu yenye kalenda na bado nasahau siku ya kuzaliwa ya mume wangu.)

Sasa ilibidi baba mzazi afike ofisini, aape mbele ya karani na atie saini au dole gumba, na kwa kiapo hicho jina la shule nalo lingerekebishwa.

Ijumaa mchana mjomba Abdalla akamwita mama kando. "Mwanangu, baba yako yuko mbali, na tanuri lake linawaka. Niache niape mimi. Shule wananijua, saini nnayo. Kesho tu una cheti."

Mama akasema, "Naam, mjomba."

Nimemuuliza leo kwa nini alikubali. Hakuinua macho kutoka kwenye mchele. "Nilikuwa nnautaka unesi. Na nilikuwa nnaona haya. Umefurahi?"

Sikufurahi. Nilijiona mimi mwenyewe.

Lakini babu alikuwa keshapelekewa habari na watu wa gari la shamba. Jioni hiyo hiyo akabisha mlango wa mjomba, kofia mpya kichwani, mkononi pweza mkavu kamfunga kwenye ukili wa ukindu. Tanuri kamwachia jirani.

"Nimeambiwa kuna karatasi inanitaka," akasema.

Jumamosi asubuhi wakaenda watatu: babu, mjomba na mama. Ofisi siitaji. Ndani mlikuwa na makarani wawili, kijana mwenye nywele za mafuta na mzee mwenye miwani aliyekuwa kimya kwenye meza ya nyuma, penye simu.

Babu akaweka pweza mezani.

"Mzee, hapa si marikiti," karani kijana akasema.

"Najua, bwana. Marikiti ningekuuzia."

Yule mzee wa nyuma akakohoa kuficha kicheko.

Babu akaapa. Wakamletea kidau cha wino, akabonyeza dole gumba, akalikandamiza kwenye karatasi. Karani akatazama. Akamwambia arudie. Akarudia, na mara ya tatu tena.

Karatasi ilikuwa na madoa matatu meusi, duara, laini kama kokwa ya ubuyu. Mstari hata mmoja hamna.

Wakuu, chokaa inaunguza. Mtu akiichoma miaka ishirini, akiimwagia maji na kuichota kwa mikono, inakula ngozi mpaka dole linakuwa kama kioo. Makunduchi jambo hilo hakuna asiyelijua. Mjini hakuna aliyewahi kulifikiria.

"Hili si dole," karani akasema. "Siwezi kulipeleka popote. Na shule inasema baba wa msichana ni Abdalla. Wewe nitakujuaje kama ndiye?"

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa tano.

Mjomba akasogea, kwa nia njema kabisa. "Basi niandike mimi, bwana. Tusimkoseshe mtoto."

Babu akafuta dole kwenye shuka yake. Mama anasema alilifuta polepole sana, kama chombo cha watu alichokiazima.

"Mwandike yeye," akasema. "Mtoto apate kazi. Mimi baba yake nitabaki huko huko shamba."

Hapo mama yangu, msichana wa miaka kumi na minane ambaye mbele ya wanaume wazima hakuwahi kusema zaidi ya "naam", akasema:

"Hapana."

Mjomba akageuka. "Miza!"

"Hapana, mjomba. Nisamehe. Wewe umenilea, na mbele ya Mungu nitakushukuru mpaka nife. Lakini baba yangu huyu hapa." Akamgeukia karani. "Unatafuta mistari ya dole lake? Tazama ukuta nyuma yako. Hiyo chokaa unafikiri imejichoma yenyewe?"

Karani, masikini, akageuka kweli kuutazama ukuta.

Hapa nasimama kidogo. Desturi ya humu ni kutoa somo mwishoni, lakini nikilitoa mwishoni nitaharibu, kwa hiyo nalitoa sasa.

Kwa yule kijana wa juzi: kabla hujachagua jina jepesi, muulize mwenye jina zito kama yuko tayari kupanda gari la asubuhi kwa ajili yako. Mara nyingi keshapanda. Halafu rekebisha mapema, usingoje Ijumaa. Kiapo, nakala zilizothibitishwa, mashahidi wanaomjua mzazi, vyote vipatikane kabla fomu haijatoka.

Na mimi nimejifunza kwamba mtu anaweza kusoma mpaka akaandika kurasa kadhaa kuhusu asili yake, na bado akamwonea haya aliyempa. Kuanzia leo babu yangu ni Makame Pandu, mchoma chokaa. Atakayeniuliza nitamjibu, na asiyeuliza nitamwambia vilevile. Karatasi ile yenye madoa matatu, aliyoihifadhi mama, ninayo hapa, nimeitia kwenye fremu. Mume wangu ananiuliza mbona picha ya harusi imehamia ukumbini nyuma ya mlango. Atazoea.

Kama kwenu pia kuna dole lililokataliwa, au jina mlilolificha, andikeni hapo chini. Nitasoma yote, na mama atasahihisha.

Sasa nimalizie.

Yule karani mzee akainuka, akavua miwani. "Mzee, Makunduchi unakaa jirani na nani?"

"Mudir ananijua," babu akasema. "Ofisi yake nimeipaka mimi."

Mzee akainua simu, akaomba aunganishwe na mudir wa Makunduchi, yaani afisa wa serikali wa huko. Wakangoja. Mjomba akatazama saa, mama akatazama sakafu. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Hatimaye akaanza kusema, akaeleza habari ya shule, ya dole, ya majina mawili. Akasikiliza kwa muda mrefu.

"Dole halitusaidii, bwana Mudir," akasema. "Sauti utaijua?"

Akamnyooshea babu mkono wa simu. Babu hakuwahi kushika kitu kile. Akakiinamia bila kukigusa, kama anayechungulia kisima.

Mudir alikuwa na sauti ya kuita watu konde hadi konde. Ilijaa chumba kizima.

"Makame! Makame Pandu!"

Babu akasimama wima.

"Naam," akaitika.

Simu ikacheka. "Ndiye huyo! Mwandikieni mtoto wake, arudi upesi. Tanuri linazimika."