Gari Lililokunywa Mlangoni Kwangu

Mimi ni bibi mkubwa, na ninauza esanse, mafuta ya pikipiki na magari. Chupa zangu nazipanga juu ya meza mbele ya nyumba, hapa Kasongo, kwenye njia ya soko, na madereva wote wa pikipiki wananijua. Kwa hiyo mume wangu aliponunua gari kuukuu lililoletwa kwa njia ya Kalemie, halikuwa na pa kunywea ila kwangu. Mume hauziwi. Anachukua tu.

Bibi mdogo, mke mwenzangu, anakaa upande wa pili wa mji. Zamu zetu zinajulikana: mume akiwa kwangu, gari linalala kwangu, akiwa kwake, linalala kwake. Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu ulikuwa juu ya mafuta. Katika zamu ya yule mwenzangu, mume wangu alikuwa akirudi kwangu karibu kila asubuhi, tangi limekauka. Mwendo wake naujua: duka, msikiti, nyumbani, basi. Mafuta yale yalikuwa yanaenda wapi? Nikajijibu mwenyewe. Anamtembeza. Anampeleka Kabambare kwa wazazi wake, bibi amekaa mbele, kioo kimeshushwa, mkono nje. Mimi hata Nyangwe hajanipeleka kuchagua samaki.

Basi nilikuwa nikimpa mafuta pamoja na maneno. Yeye anavuta kiti, anakunywa chai, anauliza habari za watoto, anapumzika mpaka jua linapanda. Nami nasema, nasema tu.

“Haya kunywa,” nilimwambia siku moja. “Unakunywa chai ya mutu mwenye unaibia.”

Asubuhi moja nikafunika chupa zangu kwa kitambaa. “Leo sitoi hata tone. Kwanza fundi aangalie hii gari mbele ya macho yangu. Akikuta iko nzima, nitajua mafuta inaendaka wapi.”

“Mwite,” akasema, bila hasira. Hata utulivu wake uliniudhi.

Fundi alikuja, akawasha gari, akaenda nyuma kunusa moshi. Akapitisha kidole ndani ya bomba, kikatoka cheusi. “Mama, hii moshi ni esanse yako yenye haikuungua.” Akafungua bujii moja, ile plagi ya kuwasha moto ndani ya moteri, nayo ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Halafu akaketi kwenye usukani, akauliza kwa nini kuna kipande cha plasta nyeusi pale mbele, kati ya mishale ya mwendo na mafuta.

“Kulikuwa taa yenye ilikuwa inanisumbua macho,” mume wangu akasema.

Fundi akaibandua. Taa ya manjano, ile ya kuonya kwamba moteri inaumwa, ilikuwa inawaka chini yake, nadhani tangu siku gari lilipofika.

Fundi hakuwa na mashine ya kusoma magari. Alikuwa na kipimo chake cha umeme, chenye mshale. Akangoja moteri ipate moto, kisha akachomeka kipimo kwenye waya wa kifaa kidogo kilichokazwa kwenye bomba la moshi. Mshale ulipaswa kucheza, kwenda na kurudi. Ulilala chini, hauamki.

“Hii njo sonde,” akasema. “Inaonjaka moshi, halafu inaambia moteri kama mafuta imezidi ama imepunguka. Sasa imekufa. Kila saa inasema imepunguka, na moteri inaamini, inaongeza.”

“Iko kama weye,” mume wangu akaniambia. “Kila saa miye nimepunguka.”

Walicheka wote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Kabambare hawakwenda, na badala ya kupoa nikazidi kuwaka, kwa sababu sasa sikuwa na la kumshitaki.

Sonde mpya haikupatikana Kasongo. Bibi mdogo aliposikia, akasema ana ndugu Kalemie, atashughulika yeye. Mwanamke huyo huchelewesha hata salamu, lakini kile kifaa kilifika upesi, juu ya pikipiki, ndani ya boksi lake. Nilichukia kuona kinavyong’aa. Niliponyoosha mkono, fundi akanizuia.

“Usiguse kichwa yake, mama. Mikono yako iko na mafuta.”

Ile ya zamani ilishikwa na kutu. Fundi aliitilia mazutu, yaani dizeli, shingoni, akaiacha inywe, akapasha bomba moto, ndipo akaivuta kwa ufunguo wa kufungulia nati mpaka ikalia na kuachia. Mpya akaianza kwa vidole, akamalizia kwa ufunguo, akaunga waya, akachomoa betri na kuirudisha ili moteri isahau uongo wa zamani. Gari likawaka bila taa na bila moshi mweusi. Mshale wa kipimo ukacheza. Nikatembea mbele ya majirani kama mtu aliyeshinda kesi.

Zamu ya bibi mdogo ilipofika, mume wangu akajaza tangi, akaenda. Asubuhi nikachemsha chai, hakuja. Kesho yake pia. Zamu nzima ikapita, na aliporudi kwangu tangi lilikuwa bado na mafuta.

Baadaye bibi mdogo mwenyewe akaja, na sahani ya vitumbua. Nilimpa kiti.

“Yaya, dada yangu mkubwa, nimekuja kukushukuru,” akasema. “Nilikuwa na wivu sana. Kila asubuhi ya zamu yangu anasema mafuta imeisha, anakuja kushinda kwako. Nilisema ni uongo, anakupenda kunipita. Kumbe ni gari. Na weye njo uliita fundi. Sasa anabakia kwangu.”

Nilimtazama usoni nikitafuta dhihaka, nisiione. Nikamjibu karibu, nikala kitumbua chake. Namwonea wivu hata leo. Yeye alijua alichokuwa anaibiwa. Mimi nilikuwa nacho kila asubuhi, nikamwita fundi aje kukiondoa.