Gemu Mbili, Nafasi ya Moja

Kiharusi kilipompata shemeji yangu, mume wa dada, upande wake wote wa kulia ulilegea. Mguu ulirudi polepole. Mkono haukurudi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali alimpa mpira laini wa kukamua kila asubuhi, akatueleza jambo ambalo nililishika neno kwa neno: vidole visipofanya kazi hujikunja, vikikaa vimejikunja hukakamaa, na vikishakakamaa kuvifungua ni shida kubwa. Shemeji aliukamua mpira mbele ya mtaalamu. Alipofika nyumbani Lufingo aliwatupia watoto wa jirani.

"Mimi nimelea watoto," alisema. "Sasa hivi siwezi kuanza kuwanyang'anya mpira."

Mwanawe anafanya kazi mgodini, Geita. Hakuweza kuacha kazi, kwa hiyo alimleta mkewe akae na dada yangu, wasaidiane kumhudumia mgonjwa na kushika shamba. Mkamwana alikuja na begi la nguo na mashine ya gemu. Mumewe alimnunulia, naye ana nyingine kama hiyo kwenye chumba chake cha mgodini. Kila Jumamosi mchana, mume akitoka zamu, walikuwa wanashindana kwenye gemu ya mbio za magari, kila mmoja na kipokea sauti kwenye sikio moja, magari yakinguruma kwenye runinga, mmoja Lufingo na mwingine Geita. Walikuwa wanazozana kuhusu kona na breki, halafu katikati ya mzozo wanaulizana habari za mbolea na ada ya bima. Nilichokuja kuelewa ni kwamba ile ndiyo ilikuwa ndoa yao kwa wakati ule. Simu walipigiana siku nyingine pia, lakini kwenye simu walikuwa wanapeana taarifa tu.

Hapa sina budi kueleza desturi. Kwetu Rungwe, mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hamwangalii usoni, hamsemeshi, na wakikutana njiani mmoja wao huacha njia. Mjini Tukuyu wengi wameiacha, na makanisani watu hukaa benchi moja bila kujali. Shemeji hakuiacha. Nilipomuuliza mkamwana kama haimchoshi, alijibu, "Nililelewa hivyo, mjomba. Nikiiacha nitajiona nimevua nguo." Kwa hiyo sebule ilikuwa na zamu. Asubuhi ilikuwa ya shemeji, mchana ilikuwa ya mkamwana, na dada yangu ndiye aliyetangaza mabadiliko kwa kukohoa mlangoni.

Mkamwana ndiye aliyekuwa na wazo la gemu. Alimwambia mama mkwe wake kwamba padi, yaani kile kifaa cha kushika mkononi, inataka kidole gumba na kidole cha shahada vifanye kazi muda wote. Akamtafutia baba mkwe gemu ya kilimo, akaipeleka mashine mjini kuishusha kutoka mtandaoni, na kuiacha imefunguliwa asubuhi moja, kisha akaenda kuchuma majani ya chai. Shemeji aliicheka. Matrekta makubwa kama nyumba, ngano hadi upeo wa macho, ardhi tambarare isiyo na hata bonde.

"Shamba lote hili," aliniambia, "na hakuna mgomba hata wa dawa. Hawa watu wanakula nini?"

Lakini alishika padi. Baada ya muda mkamwana akamwongezea kipande kingine cha gemu ileile, ramani ya nchi ya milima, na shemeji akahamia huko moja kwa moja. Kidole gumba kikaanza kusogea. Niliona kwa macho yangu, nikiwa nimekuja kuwatembelea siku ya Jumapili: kidole ambacho kilikuwa kimelala kama cha mtu mwingine kilikuwa kinasukuma kifundo cha padi mbele na nyuma, kikitetemeka, trekta likipanda mlima.

Kisha nafasi ikajaa. Mashine hizi zina ghala moja ndani, na gemu za siku hizi ni nzito. Ya magari pekee ilikuwa imemeza zaidi ya nusu ya ghala, na kila ilipoboreshwa iliongezeka. Tangazo likatokea kwenye kioo kwamba nafasi inakaribia kwisha. Shemeji hakumwita mtu. Alifungua orodha mwenyewe na kuona gemu yake imeandikwa mara mbili: juu ile kubwa ya tambarare, chini yake ile ndogo ya milima. Akaifuta ile kubwa. Jioni alinipigia simu.

"Mashine yenu nimeipalilia," alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. "Ilikuwa imesongamana. Nyie mnaacha tu vitu vinaota."

Kesho yake asubuhi, ile ndogo ya milima ilikataa kufunguka.

Nilipanda kwenda Lufingo. Mimi nina duka la vifaa vya ofisi Tukuyu, nachapa na kutoa nakala, na mengine yote ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe. Shemeji hupenda kusema nimesoma kila kitu isipokuwa shule. Nilikaa mbele ya runinga, padi mkononi, yeye kitini nyuma yangu. Mkamwana alisimama jikoni, upande wa pili wa ukuta usiofika dari, kwa hiyo wawili wale walisikiana vizuri kabisa.

"Mjomba, muulize baba kama alifuta ile kubwa au ile ndogo."

"Shemeji, unaulizwa..."

"Nimesikia. Mwambie kubwa. Ilikuwa imeshazaa."

Nilisahau kwamba lazima nirudie.

"Mjomba?"

"Anasema kubwa. Ilikuwa imeshazaa."

"Imezaa nini?" Nilimsikia akijizuia kucheka.

"Mwambie mimi ndiye mwenye migomba hapa," shemeji alisema. "Mama akishatoa mkungu anakatwa. Mtoto anabaki, na mjukuu wake. Ukimwacha mama amesimama anamnyima mtoto mwanga. Hilo hata yeye anafundishwa kwao."

Nilimweleza taratibu kwamba kwenye mashine mtoto hana mizizi yake. Ile ramani ya milima hutumia matrekta ya mama, mbegu za mama, hata mvua ya mama. Ukimkata mama, mtoto yupo lakini hawezi kusimama.

"Anamtegemea mama siku zote?"

"Siku zote."

"Basi huyo si mtoto. Huyo ni kupe."

Jikoni sufuria ilianguka, na sijui kama ilianguka yenyewe. Kisha mkamwana akasema, kwa sauti ya utulivu, "Mwambie baba mavuno yake hayajapotea. Hatua alizofika huhifadhiwa mahali pengine. Tukiirudisha gemu, atakuta shamba lake kama alivyoliacha."

Nilirudia. Shemeji alivuta blanketi akaufunika mkono wake.

Kilichonisumbua hakikuwa gemu. Kufuta kule kulikuwa uamuzi wa kwanza alioufanya bila kuuliza mtu tangu alipoanguka. Alikuwa amefikiri kwa akili yake mwenyewe, akili iliyolisha nyumba nzima miaka yote, na mashine ikamwambia akili hiyo haifai humu. Siku zilizofuata hakuuliza habari za gemu wala za mpira. Dada aliniambia kwamba akimkanda vidole usiku, kimoja baada ya kingine, vilirudi kama mlango wenye springi.

Kuirudisha gemu kwa bando la simu pale Lufingo lilikuwa jambo lisilowezekana. Niliifunga mashine kwa kitenge na nailoni, mvua ikinyesha kama kawaida yetu, nikaishusha hadi dukani kwangu ambako nina mtandao wa waya. Nilipoiunganisha, kabla sijagusa kitu, ikaanza kushusha maboresho ya gemu ya magari, ikajaza ile nafasi aliyoiacha wazi shemeji. Nilipoagiza gemu ya kilimo irudi, ikaniambia nafasi haitoshi. Nilisoma maelezo yote niliyoyapata, nikitafuta njia ya katikati. Ningeweza kuyakataa maboresho, lakini gemu isiyoboreshwa haiwezi kushindana na iliyoboreshwa, na ile ya Geita ilikuwa imeshaboreshwa. Ama kilimo, ama magari.

Nikampigia mkamwana.

"Ondoa yangu," alisema.

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi tutapiga simu kama watu wengine, mjomba. Vidole vya baba havisubiri."

"Umemwambia mumeo?"

"Nitamwambia. Wewe ondoa. Na huyo kupe na mama yake uwarudishe wote wawili."

Niliondoa. Gemu ya kilimo ilishuka polepole, mtandao ukikatika na kuungana, na nilipoirudisha Lufingo kila kitu kilikuwa mahali pake: trekta mlimani, ghala la mahindi limejaa. Shemeji alikaa akaangalia muda mrefu kabla ya kushika padi. Alinishukuru tu kwa Kinyakyusa, "Ndaga, shemeji." Kidole gumba kilikuwa kimerudi nyuma. Hakikusukuma mbele bila kusaidiwa na mkono wa kushoto.

Alicheza asubuhi chache. Jumamosi mchana alikuwa amelala chumbani kama zamu ilivyotaka, akamwita dada.

"Mbona magari hayalii?"

Kumbe alikuwa anayasikiliza wiki zote. Alijua nani kashinda kutokana na kicheko cha mkamwana. Dada hakuwa na njia ya kumficha, alimweleza. Nilipokuja Jumapili padi ilikuwa juu ya kabati, waya wake umekunjwa.

"Nimelima shamba la mkamwana," aliniambia. "Mlinipa jembe mkaniacha nilime, na hakuna aliyeniambia lina mwenyewe."

"Yeye ndiye aliyesema."

"Mkamwana atasema nini? Ungetaka aseme hapana?" Alinitazama kwa ukali ambao sikuuzoea. "Mtu ameacha mume amekuja kunifulia nguo. Halafu namchukulia na Jumamosi yake. Futa."

"Shemeji, mkono..."

"Mkono ni wangu. Futa."

Sikufuta. Nilimwambia anipe muda nisome, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. "Soma," alisema. "Wewe ukisoma mambo yanakaa."

Nilichokisoma kilinipa nusu ya jibu. Mashine inakubali diski ya nje, lakini gemu za aina hii haziwezi kuchezwa zikiwa kwenye diski hiyo. Zinaweza kulala huko tu. Ukitaka kucheza lazima uihamishe ndani, na ili iingie lazima nyingine itoke. Kila kuhama kunachukua muda. Niliagiza diski kutoka Mbeya, nikaiteremsha tena mashine dukani, nikashusha upya gemu ya magari kwenye diski hiyo, nikapanda nayo Lufingo. Nilimweleza shemeji mbele ya runinga, na kwa sauti ya kufika jikoni, kwamba asubuhi gemu ya kilimo iwe ndani na ya magari iwe nje, na mchana kinyume chake, na kwamba kazi ya kuhamisha ningemwachia mkamwana kwa sababu ina vitufe vingi.

"Hapana," shemeji alisema. "Mwambie yeye atoe yake jioni, akimaliza. Ya mchana nitaingiza mimi."

"Ina vitufe vingi."

"Umeshasema."

Nadhani mkamwana alielewa kabla yangu kwamba hakuna neno la adabu la kukataa.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikiwa nimekatazwa kugusa. Mvua ilipiga bati, na taa ya sebuleni ilikuwa inafifia na kurudi, jambo ambalo huku kwetu hutangulia umeme kukatika. Nilikuwa nimesoma kwamba umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, gemu hubaki ilikotoka na kazi huanza upya, kwa hiyo sikuogopa kupotea kwa kitu. Niliogopa kwamba hangekuwa na nguvu ya kuanza upya. Alishika padi kwa mkono wa kulia na kukataa kuusaidia kwa wa kushoto. Kidole gumba kiliteleza kwenye kitufe. Akarudi. Kikateleza tena, orodha ikaruka mbali, akasonya, akairudisha hatua kwa hatua hadi kwenye gemu yake, akaweka alama, akaiamuru itoke. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso wakati sebule ilikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Ilipotoka alianza safari ileile upya kuingiza ya magari.

Jikoni kisu kilikuwa kinamenya ndizi, kinasimama, kinamenya tena. Mume alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza.

Mstari wa kuhamisha ulianza kujaa kwenye kioo.

"Mwambie bado robo," shemeji alisema bila kugeuka.

"Bado robo," nilisema.

"Nimesikia, mjomba. Mwambie baba asijichoshe."

"Mwambie sijachoka."

Taa ikafifia. Kioo hakikuzimika. Niliona bado ameikaza padi, ingawa hakukuwa tena na kitu cha kubonyeza.

"Unaweza kuachia sasa, shemeji. Inahama yenyewe."

"Siwezi," alisema kwa sauti ya chini, ili jikoni wasisikie.

Nilitazama. Vidole vilikuwa vimejifunga kwenye padi, vyeupe kwenye viungo, na havikuwa vinamsikiliza. Nilishuka kitini, nikapiga magoti mbele yake, nikashika kidole cha mwisho ili nianze kukifungua.

"Acha," alisema, macho yake kwenye mstari. "Acha iingie kwanza."