Kitenge Ambacho Sikukichoma

Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya bure ya lazima. Mtaa mzima tulitoka na majembe kuzibua mtaro, na bwana yangu, Baba Furaha, alitangulia akipuliza firimbi. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mtaa upande wa chama. Chama kilikuwa kimoja tu, cha Rais. Tulifanya kazi, tukaimba nyimbo za kumsifu, tukarudi kula ugali na sombe, majani ya muhogo.

Wanawake wote tulikuwa na kitenge chenye sura ya Rais. Jirani yangu Mama Riziki alikifunga hivi kwamba ile sura inakaa makalioni. "Acha naye aone tunakopita," alisema. Tulicheka, lakini kwa sauti ndogo.

Changu nilinunuliwa na Baba Furaha nilipojifungua Furaha. Kwetu mwanaume humpa mzazi kitenge, na mwanamke hakitupi mpaka kiishe chenyewe. Shule niliishia darasa la nne, lakini hilo nilifundishwa vizuri.

Kisha wanajeshi wakaasi upande wa mpakani. Wale waliobaki na Rais wakakimbia kupitia mtaa wetu, magodoro yetu vichwani. Siku mbili baadaye waasi wakaingia. Walitukusanya uwanja wa shule, kamanda wao akasema utawala wa mtu mmoja umekwisha, sasa mtachagua viongozi wenyewe. Vitu vyote vya chama vichomwe leo. Atakayeficha, huyo anangoja yule mzee arudi.

Tulipiga makofi. Hata mimi, na kwa moyo.

Baba Furaha alipeleka firimbi na daftari lake la majina. Walimpokea vizuri. Akarudi, akaniambia, "Mama Furaha, na kile kitenge pia."

Nikamjibu nimekwisha kukichoma.

Nilikuwa nimekishona ndani ya mto wa mtoto, sura ikitazama ndani.

Wiki ya pili walikuja kutafuta bunduki. Walikuwa watatu. Ilikuwa mchana.

Mmoja aliinua mto, akauchana kwa kisu.

"Cha nani?"

Baba Furaha alinitazama mara moja tu. Ndiyo kwanza alikuwa anajua kwamba nilimdanganya.

"Changu," akasema. "Huyu mama hajui kitu."

Furaha alikuwa mgongoni kwangu. Sikufungua mdomo.

Waliondoka naye. Niliwafuata mpaka kwenye ule mtaro, wakanirudisha. Hakurudi tena, na mwili sikupewa.

Vita vikazaa vita vingine. Siku ya kuchagua ilipofika kweli, Furaha alikuwa msichana mkubwa. Zamani tulipewa kadi ya ndiyo na kadi ya hapana, na ile ya hapana hukuona mtu akiishika. Safari hii nilipewa karatasi yenye picha nyingi mno, nikasimama nyuma ya katoni, nikachagua bila mtu kuniangalia. Wakanichovya kidole kwenye wino. Kwa siku kadhaa niliosha vyombo kwa mkono mwingine.

Sasa nakaa Nechells, huku kwa Waingereza, nyumbani kwa Furaha, karibu na maghala, na nimepata uraia. Juzi nilikwenda kupiga kura chini ya mvua. Mjukuu wangu Neema, anayeniita Koko, yaani bibi, alinishika mkono, akilalamika kwa Kiingereza chake.

"Koko, kura yako moja itabadilisha nini?"

"Vaa kofia," nikamwambia. Halafu njiani nikamweleza habari ya ule mto. Hakuwahi kuambiwa.

Akauliza kwa nini sikusema kitenge ni changu.

"Miaka yote nimejiambia ni kwa ajili ya mama yako, asibaki yatima," nikamjibu. "Lakini ukweli, Neema, niliogopa."

Sikutaka anipe pole, na hakunipa.

Watu kanisani husema uhuru wetu ulinunuliwa kwa damu. Mimi sisemi hivyo. Yule Rais alipaswa kuondoka, na hilo nalisema mpaka leo. Baba Furaha hakupaswa kufa, wala kifo chake hakikumwondoa Rais hata hatua moja. Kilitokana na kitambaa na uongo wangu.

Hapa hawachovyi kidole. Wanakupa penseli iliyofungwa kwa kamba. Niliweka alama yangu taratibu, Neema akinisubiri mlangoni.

Baba Furaha alipuliza firimbi ya chama miaka tisa, na hakuwahi kuchagua kiongozi hata siku moja. Mimi nimechagua mara nne, kwenye nchi mbili.