Wasichana Wanne, Mutu Mumoja Kwenye Seva

Darasani kwetu Mantapala, makazi ya wakimbizi huku Zambia, tulikuwa wasichana wanne wenye jina moja la ubatizo. Kosa si letu. Wazazi walivuka kutoka Kongo na majina matatu kwa kila mutoto, lakini mwalimu wa kompyuta, ba ticha, Muzambia mwenye haraka zake, alipotuandikisha kwenye seva alichukua prénom, lile la ubatizo, peke yake. Hayo mengine, alisema, yanachosha vidole.

Seva yenyewe ni sanduku jeusi lililofungiwa kwenye kabati la chuma. Linakula umeme wote wa sola, sisi tunabaki na joto. Skrini zetu zote zinategemea sanduku hilo, na ndani yake kuna faili moja linaloitwa logi. Kila unachogusa, seva inaandika humo: saa, jina, tendo. Ameingia. Amefungua. Amefuta. Ni umbea, ila umbea uliovaa saa ya mukononi.

Basi kwa seva sisi wanne tulikuwa mutu mumoja. Mwanamke wa ajabu kweli: dakika hii anapiga chapa nyimbo za korali, dakika hiyohiyo anachora kambale mwenye sura ya ba ticha. Wa korali ni mwenzangu wa dawati. Mchoraji, tusiulizane.

Maisha yalikuwa matamu hadi seva ilipoanza kufa. Katikati ya somo, skrini zote zinaganda, ba ticha anafungua kabati, anazima, anawasha, anaomba Mungu kwa Kibemba. Ilipokufa tena, akafungua logi mbele yetu na kuhesabu jina gani linatokea zaidi. Utafiti wa hali ya juu. Jina likawa letu.

"Iwe! Ninyi wanne," akasema. "Mwenye kuua seva ajitaje. Ao wote wanne hamutafanya testi ya Ijumaa."

Bila testi ile, somo la kompyuta linakufa kwako, mwaka ujao unapelekwa kilimo cha bustani. Mimi na jembe hatuzungumzi. Lakini mwenzangu wa korali ndiye aliyelia. Yeye alitaka kazi ya kompyuta tangu alipoona dada mumoja ofisini akichapa bila kutazama vidole.

Darasa zima likanigeukia.

"Munaniangalia nini?"

"Sasa tumuangalie nani?" akajibu mumoja wa nyuma. "Wa korali?"

Nyumbani nilimuelezea mama. Yeye anauza chisense, wale samaki wadogo wa kukausha. Anashuka Nchelenge kwenye ziwa kununua mifuko inayoletwa na bwato, mutumbwi mukubwa, kutoka kisiwa cha Chisenga. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Ku ile bwato, bamama ba jina yangu ni wengi kupita samaki," akasema. "Unafikiri tunaandika majina ku mifuko? Kila mutu anafunga kipande ya kitenge yake. Mufuko ikishuka, hakuna kelele. Huyu mwalimu wenu alisoma wapi?"

"Lusaka, mama."

"Aah. Njo maana."

Kesho yake nikamuendea ba ticha na vipande vinne vya kitenge mukononi. Alifikiri ni mchezo wangu mwingine, na kusema kweli alikuwa na sababu.

"Ba ticha, achana na prénom. Kila mutu aingie na alama yake. Mimi manjano, huyu wa korali mweupe, wale wengine mwekundu na buluu. Na wewe pia uwe na yako. Halafu seva iandike faili la kila alama mbali na lingine. Ikikufa tena, tufungue tuone ni nani."

Akakuna shingo. Kisha akageukia darasa na kutangaza: "Haya, nimefikiri sana usiku." Akaifanya kazi hiyo mchana mzima, na kila aliyepita mlangoni aliambiwa jinsi alivyofikiri sana usiku.

Alhamisi seva ikafa. Sijawahi kufurahia msiba namna ile.

Ba ticha akaiwasha, akafungua mafaili moja moja, darasa zima limemuegemea mgongoni. Mweupe: nyimbo, nyimbo, nyimbo. Mwekundu: kidogo. Buluu: alikuwa amelala. Manjano alilipita haraka, nikashukuru. Mwishoni likabaki faili moja nene kama mbuzi wa harusi, limejaza diski yote hadi seva ikakosa pa kuandika.

"Hilo la nani?" akauliza wa korali kwa sauti yake ya kanisani.

Lilikuwa la ba ticha. Kumbe, kabla seva haijaanza kufa, ili atukamate tukicheza, alikuwa ameweka programu ya kutuchunga: kila kufumba na kufumbua iulize seva nani anafanya nini, na iandike jibu. Anamuangalia fulani. Anamuangalia fulani. Na fulani aliyetazamwa zaidi tulikuwa sisi, wanne kwa jina moja, ndiyo maana jina letu lilijaa pale mwanzo. Seva ilikufa kwa kuvimbiwa umbea.

"Ba ticha," nikasema kwa heshima zote, "mwenye kuua seva ajitaje."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Yeye akafuta faili, akazima programu yake, akasema Ijumaa wote tunaandika testi.

Tuliandika. Seva haikukohoa hata. Wa korali alikuwa anachapa bila kutazama vidole, mdomo umebanwa, hasikii la mutu. Nikahisi mutu amesimama nyuma yangu.

"Iwe, Manjano," ba ticha akasema polepole. "Jana jioni nilisoma faili yako. Yote. Ile kambale, eko na sura ya nani?"

Nikainua kichwa kutafuta wale watatu wa jina langu. Kila mumoja alikuwa ameinamia skrini yake.