Jioni Norma Alipotupeleka Kuona Burleski

Norma Tattersall alikuwa katibu wa matembezi wa klabu yetu ya wazee hapa Colne, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, tangu kiwanda cha biskuti kilipofungwa. Kama hujawahi kumwona amesimama mbele ya basi akituhesabu vichwa kwa kidole, midomo ikimcheza, basi hujamwona mtu anayeipenda kazi yake. Mtoto hakujaliwa. Mumewe Ernest alifariki zamani, na hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa maneno, kwa hiyo nyumba haikubadilika sana. Alichobaki nacho ni sisi na basi letu.

"Beryl," aliwahi kuniambia, "siku wakininyang'anya hii kazi, nitakaa sebuleni nisikilize friji."

Hakuwa anatania. Friji lake nimelisikia, na si mazungumzo ya kumtosha mtu.

Ndipo akahamia kwetu Muriel Sugden kutoka Harrogate, mji wa wenye nacho, mjane wa daktari wa meno, na lulu zake shingoni hata siku ya kwenda kutupa takataka. Haikupita miezi mingi akaanza maneno chini kwa chini, kikombe cha chai mkononi.

"Safari za Norma nzuri, sikatai," alisema. "Lakini kila mwaka maua na jibini, maua na jibini. Hatujafa bado, jamani."

Watu wakacheka, na Norma akawasikia wakicheka. Wiki iliyofuata ikajulikana kwamba Muriel atagombea ukatibu katika mkutano mkuu wa Novemba. Nilimkuta Norma jikoni mwa klabu akiosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi.

"Hatujafa, eti," alisema. "Sawa. Nitawaonyesha kama hatujafa."

Wakati huo redio ilikuwa inalipigia debe onyesho moja la burleski kule Blackpool, yaani wanawake wanaovua nguo kwa madaha, kipande kimoja kimoja, wakijificha nyuma ya manyoya na kuwachekesha watu. Magazeti nayo yakashika. Binti wa saluni hakuwa na habari nyingine. Bango lilibandikwa mpaka mlangoni kwa muuza samaki, likitangaza wachezaji kumi na wawili kutoka Paris na manyoya elfu moja, na chini yake kwa wino mwekundu: USIFE KABLA HUJALIONA. Kwa umri wetu hilo ni tangazo la kumharakisha mtu. Viti vya basi vilijaa siku ileile Norma alipotoa habari, na Clifford Holroyd, aliyekuwa akituletea maziwa mlangoni kabla ya kustaafu, akaenda kutengenezewa miwani mipya.

"Ya kusomea," alituambia.

"Kuna kitu cha kusoma kule?" nikamuuliza.

"Nyamaza, Beryl."

Tukaenda Oktoba, mvua ikipigwa na upepo toka baharini. Ukumbi ulikuwa nyuma ya stesheni, na tulipoingia tulikaribishwa na harufu ya mazulia yaliyolowa. Vipasha joto vilikuwa vimekufa. Tuliketi na makoti yetu, kila mtu akipumua moshi kama ng'ombe asubuhi ya baridi. Norma alikaa katikati yetu, mkoba magotini, akigeuka kila mara kuangalia nyuso zetu kabla hata pazia halijafunguliwa. Muriel alikuwa nyuma yake, na lulu zake.

Akatokea bwana mmoja mwenye tai ya kipepeo, akatuambia kwamba mafua yamewakumba wasanii, na kwamba usiku huu tuna bahati ya pekee kumpata Mademoiselle Delphine peke yake.

"Kumi na mmoja wote wana mafua?" Clifford aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyelipia miwani.

Pazia likafunguka, likakwama nusu, likasukumwa kwa mkono. Mademoiselle Delphine alisimama pale na pepeo mbili kubwa za manyoya, glavu ndefu mpaka kwapani, na nguo nyingine chache ambazo sitazieleza kwa sababu hazikuwa na kitu cha kuelezea. Muziki ukaanza. Akaanza kuvua glavu ya kulia, kidole kimoja kimoja. Nimemenya gunia zima la viazi kwa muda mfupi kuliko ule. Kila alipopepea, manyoya yalinyofoka yakaelea juu ya safu za mbele, na watu wakaanza kupiga chafya. Glavu ikatoka. Tukapiga makofi. Akashika ya pili, na nadhani nilimsikia Clifford akiguna.

Sasa, mwenzetu Ivy Pickup alitumia ujana wake katika karakana ya kufuma nguo, katikati ya mitambo inayounguruma, na masikio yake yalibaki hukohuko. Ivy akidhani ananong'ona, wanamsikia barabarani.

"Masikini, ana baridi yule," Ivy alimnong'oneza jirani yake, na ukumbi mzima ukasikia. "Tazama mapaja. Yamekuwa ya bluu."

Hapo basi. Mpaka wakati ule tulikuwa watazamaji, wengine wakiona haya, wengine wakijitahidi kutoona haya. Baada ya Ivy kusema, hakuna mwanamke pale ndani aliyeweza kuona kitu kingine isipokuwa mtoto wa watu amesimama kwenye baridi bila fulana. Vinyweleo vilikuwa vimemsimama mikono yote. Delphine akaweka mkono mgongoni kutafuta kifungo.

"Usivue hiyo, mwanangu," Ivy akasema.

Delphine akasita. Muziki ukaendelea bila yeye.

"Usivue," akasema mwingine. "Utapata kifua."

"Vaa hii, kipenzi." Ivy alikuwa tayari ameshavua sweta lake la vifungo, lile la kijani alilolifuma mwenyewe, na likaanza kupita mikononi, safu kwa safu, mpaka jukwaani. Likafuatiwa na skafu. Likafuatiwa na kofia ya sufu ya nani sijui. Delphine alilitazama sweta, akamtazama yule bwana wa tai, kisha akalivaa na kulifunga mpaka shingoni.

"Asanteni, jamani," alisema. "Kule nyuma ni kama friza."

Paris gani hiyo. Alikuwa wa Oldham, jirani tu na kwetu, lafudhi ile ile ya dada yangu. Akaketi ukingoni mwa jukwaa, Ivy akammiminia chai kutoka kwenye themosi yake, na wakaanza kuongea habari za mgongo, maana Delphine alikuwa na mgongo unaomsumbua na Ivy anajua migongo. Yule bwana wa tai akatangaza mapumziko. Hayakuisha. Huo ndio uliokuwa mwisho wa burleski yetu: mchezaji aliondoka amevaa nguo nyingi kuliko alizokuja nazo.

Clifford alivua miwani, akaifuta taratibu, akairudisha kwenye kibweta chake.

Norma alikuwa amekaza macho kwenye lile pazia lililokwama, na mikono yake ilikuwa imeushika mkoba kana kwamba kuna mtu anataka kumpora. Nilimhurumia sana.

Ndani ya basi alisimama kama kawaida akatuhesabu. Kisha akapita katikati ya viti akiuliza mmoja mmoja, "Uliionaje?"

"Nzuri sana, Norma."

"Nzuri sana, asante."

"Jioni nzuri sana," Muriel akasema, na kumpigapiga mkononi.

Hata mimi nilisema hivyohivyo. Ungesema nini? Alipoketi karibu yangu uso wake ulikuwa umekauka.

"Nimekwisha, Beryl," alisema.

"Mbona wote wamesifu?"

"Ndiyo hiyo. Unakumbuka tulipokwenda kwenye bustani ya mawaridi? Walilalamikia vyoo mpaka Krismasi. Na ile safari ya jibini, Clifford alininunia mwezi mzima kwa sababu ya sandwichi. Watu wakifurahi wanalalamika. Leo hakuna aliyelalamika hata mmoja. Leo wananionea huruma."

Na alisema kweli.

Mkutano mkuu ulifanyika alasiri, Jumanne, kwenye ukumbi wa kanisa. Tulikunywa chai, mwenyekiti akasoma yanayosomwa, kisha ikafika zamu ya ukatibu wa matembezi. Muriel alisimama kwanza. Alizungumzia meli ya kwenda Norwei na hoteli zenye mito minne kwa kila kitanda. Kisha akageuka, akatabasamu.

"Na kabla sijaketi," alisema, "nadhani sote tunataka kumshukuru Norma kwa ile jioni nzuri sana ya Blackpool."

Tukapiga makofi ya adabu, yale ya mazishini. Norma akainuka. Alikuwa amevaa koti lake zuri la bluu, na nilijua alichokuja kusema, kwa sababu alinisomea asubuhi: maneno machache ya shukrani na kwaheri. Alifungua mdomo, akaufunga, akatutazama sote mmoja baada ya mwingine kama tulivyozoea ndani ya basi.

"Haikuwa nzuri," alisema. "Acheni kuniambia ilikuwa nzuri. Ilikuwa takataka. Nimewatoa nyumbani kwenye mvua nikawapeleka kumtazama binti wa watu akivua glavu mbili, na ya pili hakuimaliza. Kama mnaniondoa, niondoeni, lakini msinishukuru."

Kijiko kiligonga kisosa mahali fulani. Mwenyekiti alitazama viatu vyake.

"Nilinunua miwani mipya," Clifford akasema.

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani nilikuwa mimi.

"Si ulisema ya kusomea?"

"Nilisoma ule ubao wa mlango wa dharura, Beryl. Niliusoma wote. Hakukuwa na kitu kingine."

"Mimi kiti changu kilikuwa na springi iliyochomoza," akasema mtu wa nyuma. "Mpaka leo nalala upande mmoja."

"Na yale manyoya! Yamenipigisha chafya siku tatu."

"Sweta langu hajalirudisha," Ivy akatangaza, na madirisha yakatetemeka. "Lile la kijani. Tena akalifunga vibaya, amekosea kifungo."

Basi hakukuwa na wa kutuzuia. Mwenyekiti aligonga meza akaachiliwa agonge. Watu walisimama ili walalamike vizuri zaidi. Mmoja aliigiza ile glavu ya kulia akitumia soksi yake, kidole kimoja kimoja, na mke wa mchungaji ikabidi atolewe nje apate hewa. Chai ilipoa na hakuna aliyejali, na watu hawa niwajuavyo ni wa kumshtaki mtu kwa chai iliyopoa. Nikamtazama Muriel. Alikuwa ameshika lulu zake, machozi yakimchuruzika.

"Nilimeza moja," alisema, akihangaika kupumua. "Nilimeza unyoya, nikaona aibu kukohoa. Nilikaa nao kooni mpaka Preston, nusu ya njia ya kurudi."

Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Mikono yote ilikwenda kwa Norma, wa Muriel ukiwemo, na Muriel alipouona mkono wake uko juu akazidi kucheka akashindwa kuushusha.

"Safari ijayo wapi?" Clifford aliuliza.

"Maua," Norma akasema.

Ukumbi mzima ukaguna, na wengine wakaanza papo hapo kuuliza habari za vyoo.

Tulitoka pamoja. Mvua ilikuwa imekatika, na Norma alitembea nusu ya barabara, mkoba kifuani. Mbele ya duka la mkate akasimama, na nikaona analia.

"Wamelalamika, Beryl," alisema. "Umewasikia? Wote. Hata yule wa Harrogate."

Nilimpa leso yangu, na akanilalamikia kwamba haikupigwa pasi.